Nani Kasema Kisicho na Tungamo Hakisukumi?

Haya, leo siandiki siasa. Najua wapo mnaokuja hapa kutafuta nani kahamia chama gani na nani kamjibu nani bungeni. Samahani sana, leo mvumilie au mpite kimya kimya. Leo nataka tuzungumze juu ya mwanga. Ndiyo, mwanga huu huu wa Jua unaokuchoma kisogo ukisubiri daladala saa nane mchana.

Swali lenyewe ni fupi. Shuleni tulifundishwa kwamba momenta ya kitu ni tungamo lake mara kasi yake. p = mv, piga mstari chini, kesho jaribio. Baadaye tukaambiwa kwamba mwanga umeundwa na chembe ziitwazo fotoni, na kwamba fotoni haina tungamo. Sifuri. Sasa sifuri mara kasi yoyote, hata iwe kilomita 300,000 kwa sekunde, ni sifuri tu. Kwa hiyo mwanga hauna momenta, na kisicho na momenta hakiwezi kukisukuma kitu kingine. Hesabu imekwisha, fungeni madaftari.

Tatizo moja tu: mwanga unasukuma.

Tarehe 21 Mei 2010 shirika la anga la Japani, JAXA, lilirusha chombo kinachoitwa IKAROS. Kilipofika huko juu kikakunjua tanga la mraba lenye upande wa mita 14 hivi, la plastiki nyembamba kiasi cha mikromita 7.5. Unywele wako ni mnene kuliko hilo karibu mara kumi. Wahandisi wakakaa chini kupima jinsi chombo kinavyoongeza mwendo, na wakapata kwamba mwanga wa Jua unalisukuma tanga kwa milinyutoni 1.12. Ni msukumo mdogo, kama uzito wa punje tano za mchele kwenye kiganja. Lakini hakuna injini pale, hakuna mafuta yanayoungua, hakuna mtu anayepuliza. Ni mwanga tu. Desemba ya mwaka huo huo IKAROS ikapita karibu na Zuhura.

Kwa hiyo kati ya fomula na tanga kuna mmoja hasemi kweli, na tanga halikusoma sekondari.

Nina sababu ya kulibeba jambo hili muda mrefu. Nilipokuwa sekondari kuna jamaa wa dawati la nyuma aliuliza swali hili hili. Alikuwa amesoma mahali kwamba mkia wa kometi, zile nyota zenye mkia, daima huelekea upande usio wa Jua, na kwamba mwanga una mkono wake katika hilo. Akanyoosha kidole: mwalimu, mwanga hauna tungamo, unasukumaje vumbi? Mwalimu akamtazama juu ya miwani, akamwuliza kama hilo limo kwenye silabasi. Halikuwemo. Darasa zima likacheka, jamaa akakaa chini, na sikumbuki kama aliwahi kuuliza kitu kingine mpaka tunamaliza. Shule siitaji, na wala haina haja, maana wewe unayesoma hapa unaweza ukaweka jina la shule yako na hadithi ikabaki ile ile. Wala mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto zaidi ya sitini mbele yake, chaki ya kugombania, na mtihani wa taifa unakuja mbio.

Lakini tujiulize kidogo. Nchi hii ndiyo iliyomtoa Erasto Mpemba, mwanafunzi aliyeona mwaka 1963 kwamba maziwa yake ya aiskrimu yaliyotiwa kwenye friza yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Akauliza, akachekwa. Akauliza tena, akachekwa tena. Mpaka alipomwuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye badala ya kucheka akaenda kupima. Wakachapisha pamoja mwaka 1969, na leo jina la Mpemba limo kwenye vitabu vya fizikia dunia nzima. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli na kwa nini. Hilo si neno. Mimi ninachojiuliza ni akina Mpemba wangapi walikaa chini baada ya kicheko cha kwanza.

Turudi kwenye mwanga. Ukiuliza swali la yule jamaa leo, mtaani au mtandaoni, utapewa jibu moja kati ya matatu, na yote matatu siyapendi.

La kwanza ni lile la mwalimu: fomula imesema sifuri, basi ni sifuri. Hili tumeshalimaliza na tanga la Wajapani.

La pili ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu linavaa suti. Linasema hivi: Einstein alituambia E = mc², mwanga una nishati, kwa hiyo mwanga una tungamo, kwa hiyo p = mv iko salama, tulale. Nimeliona jibu hili kwenye magazeti yetu, tena likiandikwa kwa kujiamini kama tangazo la sabuni. Kasoro yake ni kwamba E = mc² ni habari ya kitu kilichotulia. Jiwe lililokaa mezani lina nishati mc² hata kama halifanyi lolote. Mwanga haujawahi kutulia hata siku moja. Hakuna anayeweza kuusimamisha ombwe, akauweka mezani, akausoma kwenye mizani. Kwa haki niseme kwamba vitabu vya zamani vilikuwa na mtindo wa kuchukua nishati ya mwanga, kuigawa kwa c² na kuita jibu lake tungamo la mwendo. Hesabu inatoka sawa. Lakini hapo hujaeleza kitu, umeibadilisha nishati shati ukaipa jina jingine, ndiyo maana wanafizikia wengi wa leo wameuacha mtindo huo. Wakisema tungamo wanamaanisha lile la kitu kikiwa kimetulia, na la fotoni, katika vipimo vyote vilivyofanyika mpaka sasa, halijaonekana.

La tatu ni lile la wavivu: hayo ni mambo ya kwanta, huwezi kuyaelewa. Asante, na wewe pia.

Jibu la kweli linahitaji kitu kimoja tu ambacho wote tulikifanya tukiwa na kaptura: kanuni ya Pythagoras. Chukua karatasi, hata risiti ya mpesa. Chora pembetatu mraba. Upande wa chini, uliolala, uandike mc². Hiyo ndiyo nishati ambayo kitu kinayo kwa kuwa na tungamo tu, hata kikiwa kimelala usingizi. Upande uliosimama uandike pc, yaani momenta mara kasi ya mwanga. Huo ndio mchango wa mwendo. Upande mrefu ulioegama ni E, nishati yote. Pythagoras anasema E² = (mc²)² + (pc)². Hiyo ndiyo fomula kamili. E = mc² ya kwenye fulana ni kipande chake tu, ni pale upande uliosimama unapokuwa sifuri kwa sababu kitu hakiendi popote.

Sasa weka jiwe la kilo moja linaloruka mita 10 kwa sekunde. Ukipiga hesabu utaona upande uliolala ni mrefu kuliko uliosimama mara milioni 30. Yaani ukiuchora ule wa chini kuanzia Dar mpaka Morogoro, kilomita kama 190, ule wa kusimama utakuwa na urefu wa milimita sita hivi. Umbo hilo hata huwezi kuliita pembetatu, ni barabara yenye kokoto mwishoni. Ndiyo maana maisha yetu ya mawe, mipira na bodaboda hayajawahi kutuonyesha kwamba kuna pembetatu.

Halafu weka mwanga. Tungamo sifuri, kwa hiyo upande uliolala haupo kabisa. Kinachobaki ni nguzo iliyosimama wima, na upande ulioegama umelala juu yake wakawa kitu kimoja: E = pc. Geuza kidogo, p = E/c. Mwanga una nishati, kila mtu anajua hilo kuanzia anayeanika dagaa mpaka mwenye paneli ya sola, basi una momenta. Kokotoa: nishati gawanya kwa kasi ya mwanga.

Na kuna namna ya kuliandika jambo hili ambayo naipenda kuliko zote, kwa sababu inamhusu jiwe na mwanga kwa mpigo: p = Ev/c². Nishati, mara kasi ya kitu, gawanya kwa c². Kwa jiwe, nishati yake karibu yote ni ile ya kulala, mc². Ingiza humo, c² zinafutana, unabaki na p = mv, fomula ya daftarini. Kwa mwanga, kasi ni c yenyewe, moja ya juu inafutana na moja ya chini, unabaki na p = E/c. Sheria ni moja, watoto wawili. Ina maana kinachobeba momenta ni nishati iliyo safarini. Tungamo ni namna moja tu ya nishati kujifungasha, ila ni namna iliyotuzunguka sana sisi watu wa mwendo wa polepole mpaka tukadhani ndiyo pekee.

Hapo kuna jambo la pembeni linalonifurahisha, nivumilieni. Chukua sanduku ambalo ndani ni vioo vitupu vinavyorudisha mwanga kikamilifu, ujaze mwanga, ufunge. Sanduku hilo likiwa na mwanga ndani litakuwa na tungamo kubwa kuliko likiwa giza. Kidogo mno, lakini kubwa. Fotoni moja moja hazina tungamo, ila kundi lao linalogongana huku na huku ndani ya sanduku, momenta za kwenda na kurudi zikifutana, lina nishati iliyotulia mahali pamoja, na nishati iliyotulia ndiyo tungamo. Nikilifikiria hilo ukiniambia kitu fulani kina uzito au hakina uzito nakutazama mara mbili. (Na tafadhali wahariri wenzangu, uzito si tungamo. Uzito ni jinsi Dunia inavyokivuta kitu. Tumelichanganya hili kwenye kurasa zetu mpaka wasomaji wamekata tamaa.)

Sasa, msije mkafikiri kwamba haya yote yalimsubiri Einstein. Momenta ya mwanga ilijulikana kabla fotoni haijazaliwa. James Clerk Maxwell aliikokotoa katika kitabu chake cha 1873, wakati Einstein hajazaliwa, na kwa Maxwell mwanga ulikuwa wimbi la umeme na sumaku, hakukuwa na habari ya chembe. Unasukumaje sasa kama ni wimbi? Wimbi likikigonga chuma, uga wake wa umeme unazitikisa elektroni kushoto na kulia. Elektroni inayotembea ni mkondo wa umeme, na mkondo ukiwa ndani ya uga wa sumaku husukumwa. Ndiyo kanuni inayoizungusha feni yako chumbani. Ukitafuta upande wa msukumo huo utakuta unaelekea mbele, kule kule mwanga unakokwenda. Wimbi likigeuka, umeme na sumaku vinageuka pamoja, kwa hiyo msukumo unabaki mbele vile vile. Anayesema hili haliwezi kuelezwa bila kwanta hajamsoma Maxwell.

Kupima ndiko kulikokuwa kazi. Mwingereza William Crookes, miaka hiyo hiyo ya 1870, alitengeneza kichezeo ambacho pengine umekiona: tufe la kioo lililotolewa hewa, ndani kuna vibao vinne juu ya sindano, kila kimoja upande mweusi na upande wa kung'aa. Ukikiweka juani kinazunguka. Watu wakapiga makofi, haya ndiyo hayo, mwanga unasukuma! Kumbe sivyo. Fikiria tope na mpira. Ukitupa tope ukutani linanata, limetoa momenta yake mara moja. Ukitupa mpira unarudi, ukuta umepokea karibu mara mbili, kwanza kuusimamisha halafu kuurudisha. Hivyo mwanga ungekuwa unasukuma, upande wa kung'aa unaourudisha ndio ungerudi nyuma zaidi. Lakini kile kichezeo huzunguka kinyume, upande mweusi ndio unaokimbia mwanga. Kinachofanya kazi pale ni hewa kidogo iliyobaki ndani, inayopashwa joto na upande mweusi. Ukiitoa hewa karibu yote kichezeo kinasimama. Mpaka leo kinauzwa madukani, na mpaka leo kuna watu wanakitumia kufundishia kitu ambacho hakionyeshi.

Mrusi Pyotr Lebedev, pale Moscow, ndiye aliyepigana na ile hewa mpaka akaishinda, akatangaza matokeo yake Paris mwaka 1900 na kuyachapisha 1901. Wamarekani Nichols na Hull wakafika pale pale kwa njia yao karibu wakati huo huo. Msukumo upo, na ni ule wa Maxwell. Halafu 1923 akaja Arthur Compton. Aliirushia grafaiti miale ya eksirei akakuta baadhi inatoka na urefu wa wimbi mkubwa kuliko ilioingia nao, na tofauti hiyo inategemea pembe iliyotokea, sawasawa na hesabu ya fotoni moja kugongana na elektroni moja kama mipira ya pool. Fotoni ilitoa sehemu ya momenta yake, elektroni ikaondoka nayo. Akapata Nobel 1927. Tangu hapo ni miaka mia na ushei, na sisi bado tunamwambia mtoto akae chini.

Kiasi chenyewe ni kikubwa gani? Juu ya anga, kila mita moja ya mraba inayoelekea Jua inapokea wati 1,361 hivi. Gawanya kwa kasi ya mwanga: mikronyutoni 4.5 kama ni kitu cheusi, karibu 9 kama ni kioo. Ukitandika kioo chenye ukubwa wa uwanja mzima wa mpira huko juu, Jua litakisukuma kwa nguvu kama ya uzito wa gramu sita au saba. Kijiko kimoja na nusu cha sukari, uwanja mzima! Ndiyo maana ukitoka nje asubuhi Jua halikuangushi.

Lakini huko angani hakuna msuguano wa kuzuia, na kidogo kinachosukuma saa 24 bila kupumzika hujumlishwa. Setilaiti za GPS, zile zinazomwonyesha dereva wa bodaboda mahali ulipo (na yeye bado anakupigia kuuliza uko wapi), zinasukumwa na mwanga wa Jua kiasi cha kubadilisha kasi yao kwa sehemu ya milioni kumi ya mita kwa sekunde, kila sekunde. Ukitoa nguvu za mvutano, huo ndio msukumo mkubwa kuliko yote unaozigusa. Piga hesabu ya haraka uone: ukiupuuza kwa siku moja, setilaiti inaweza kuwa mamia ya mita mbali na pale ulipodhani ipo. Kwa hiyo wanaokokotoa njia za setilaiti hizo hawaupuuzi. Simu yako ina p = E/c ndani yake, wewe ndiye hukuambiwa.

Darubini ya Kepler ya Wamarekani nayo iliokolewa na kitu hiki. Ilirushwa 2009 kutafuta sayari za nyota nyingine, ikiwa na magurudumu manne ya kuiweka sawa. Moja likafa 2012, la pili 2013, na yanahitajika matatu. Wahandisi wakaligeuza tatizo: wakaiweka darubini katika mkao ambao mwanga wa Jua unaisukuma sawasawa pande zote mbili, Jua likawa gurudumu la tatu. Kuanzia 2014 ikafanya kazi namna hiyo mpaka mafuta yalipoisha 2018. Na Kepler mwenyewe, yule wa karne ya 17 aliyepewa jina hilo la darubini, ndiye aliyeandika mwaka 1619 kwamba miale ya Jua ndiyo inayoisukuma mikia ya kometi. Hakuwa na fomula yoyote ya kumzuia.

Maabara nako Arthur Ashkin, aliyekuwa Bell Labs, alianza mwaka 1970 kusukuma vitufe vidogo mno kwa leza, na kufikia 1987 alikuwa anakamata virusi na bakteria hai kwa mwanga kama mtu anayeshika kitu kwa koleo. Nobel ilimfikia 2018 akiwa na miaka 96. Na kwa jirani zetu wa Kenya: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wao, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikachunguza eksirei za angani. Katika vitu vya aina ile, ambapo nyota iliyojibana inameza gesi ya jirani yake, kuna mpaka uliokokotolewa na Arthur Eddington: mwanga ukizidi kiasi fulani unaisukuma gesi nje na kuizuia isidondoke. Tunazungumzia mwanga kushindana na mvutano wa nyota nzima. Mtoto wa Malindi ana haki ya kulijua hili kuliko mtoto wa mahali pengine popote.

Sasa niwaseme wenzangu wa habari. Kila tanga la Jua linaporushwa, iwe LightSail 2 ya mwaka 2019 au lile la NASA la 2024, lazima mahali fulani pataandikwa kwamba linasukumwa na upepo wa Jua. Hapana jamani. Upepo wa Jua upo, ni protoni na elektroni zinazotoka kwenye Jua, vitu vyenye tungamo kabisa, lakini shinikizo lake huku tuliko ni dogo kuliko la mwanga maelfu ya mara. Najua kwa nini tunaandika upepo: neno tanga linaita upepo, na akili iliyolishwa p = mv inaona afadhali kusukumwa na kitu chenye tungamo. Mhariri mmoja aliwahi kunikatia aya nzima ya kueleza tofauti hiyo, akaacha upepo, kwa hoja kwamba msomaji wa Kiswahili hataki hesabu. Nilimwuliza msomaji wa Kiswahili anayekokotoa mikeka ya mechi kumi na mbili kila Jumamosi anachukia hesabu gani. Aya haikurudi.

Nimeshajibiwa na walimu ninaowaheshimu kwamba nadai mengi. Wanasema mwanafunzi hajaielewa hata p = mv ya mipira miwili kugongana, nimtwishe na fotoni? Ni hoja nzito, siibezi. Lakini mimi siombi pembetatu ya Einstein iingie kidato cha pili. Naomba sentensi moja chini ya fomula: hii ni kwa vitu vyenye tungamo vinavyokwenda polepole kuliko mwanga, mwanga nao una momenta, ila hupatikana kwa njia nyingine utakayoikuta mbele. Sentensi moja! Haimwongezei mtu mzigo wa mtihani, na inamwachia mlango wazi yule wa dawati la nyuma. Tunachofanya sasa ni kumpa fomula kama msahafu, halafu akifika chuo tunamwambia ile tuliyokufundisha ilikuwa ya muda. Wengine hawafiki chuo. Wanabaki mtaani na hakika ya p = mv, na siku wakisikia mwanga unasukuma tanga wanaona ni propaganda za wazungu. Mmewasikia, msijifanye hamjui.

Na lugha iingie hapa kwa dakika moja. Tuliimba tafsiri ya momenta kwa Kiingereza kama kwaya, neno kwa neno, na wengi wetu tulipata alama. Lakini mwulize mwimbaji yule yule kwa lugha anayoota nayo, momenta ni nini hasa? Wengine watakueleza momenti, ile ya spana na nati, kwa sababu majina yamefanana na hakuna aliyesimama kuyatenganisha. Sidai kwamba Kiswahili pekee kitatibu ugonjwa wote. Nimewaona watu wakikariri kwa Kiswahili pia. Ila ni vigumu sana kumdanganya mtu, na ni vigumu zaidi kujidanganya mwenyewe, mkizungumza lugha ambayo wote mnaweza kugombana nayo.

Najua mtakaloniuliza baada ya hapa, kwa hiyo nawahi. Kama mwanga hauna tungamo, kwa nini unapinda ukipita karibu na Jua, kama walivyopima Waingereza wakati Jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919, wengine wakiwa kisiwani Príncipe pwani ya Afrika magharibi na wengine Sobral huko Brazili? Swali zuri. Jibu lake linapita njia tofauti na hii, na tayari ni usiku wa manane. Nitaliandika wiki ijayo, Mungu akipenda.